Paneli ya swichibodi ya wavuti

Paneli ya swichibodi ya wavuti ni ukurasa unaofunguliwa katika kivinjari cha kompyuta na kumwonyesha opereta hali ya simu zote za ofisi: ipi iko wazi, ipi inaita, ipi inatumika na nani anasubiri kuhudumiwa. Kwa kubofya kitufe, opereta hupokea simu, huihamishia kwa mhusika, huiweka isubiri au huikata, bila kukariri namba za watumishi wote.

Kwa kawaida paneli haibebi sauti wala haiunganishi simu yenyewe. Kazi hiyo hufanywa na mtambo wa simu wa ofisi, ambao mafundi huuita PABX. Paneli ni dirisha la kuutazamia mtambo huo na mkono wa kuupa amri. Tofauti hii ni ya msingi katika kuisimika, hasa mahali ambapo umeme na intaneti hukatika mara kwa mara.

## Istilahi

- Swichibodi ni mahali ambapo simu zote zinazoingia katika taasisi hupokelewa na kugawanywa. Zamani ilikuwa ubao wenye matundu na nyaya. Leo mara nyingi ni programu ya kompyuta.
- Opereta ni mtumishi anayepokea simu hizo na kuziunganisha kwa wahusika.
- Namba ya ndani, au ekstensheni, ni namba fupi ya kila simu ya ofisi, kwa mfano 101 au 102.
- Laini ya nje ni njia inayounganisha mtambo wa ofisi na mtandao wa kampuni ya simu.
- SIP ni itifaki inayotumika kuanzisha na kumaliza simu zinazopita kwenye mtandao wa kompyuta. Toleo lake linalotumika hadi leo lilichapishwa Juni 2002.

## Historia

Kituo cha kwanza cha kibiashara cha kuunganisha simu kilifunguliwa New Haven, katika jimbo la Connecticut nchini Marekani, tarehe 28 Januari 1878, kikiwa na wateja 21. Mwaka huohuo, tarehe 1 Septemba, Emma Nutt aliajiriwa mjini Boston, na anahesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza kufanya kazi ya opereta wa simu. Katika vituo vya aina hiyo mteja alimtajia opereta mtu anayemtaka, naye akawaunganisha kwa mkono. Baadaye waya wenye plagi kila upande ukawa ndiyo kifaa cha kawaida cha kazi hiyo, na taa ndogo zikaongezwa kuonyesha laini inayoita.

Mwaka 1891 Almon Strowger wa Marekani alipata hataza ya mtambo unaounganisha simu wenyewe kwa kufuata namba aliyopiga mteja. Polepole maopereta walipungua katika vituo vya umma, lakini walibaki katika ofisi, hospitali, hoteli na vyuo. Sababu ni kwamba anayepiga simu kwenye taasisi mara nyingi anajua shida yake tu, hajui jina wala namba ya mtumishi anayehusika.

Nchini Tanzania, baada ya kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, huduma za simu ziliendeshwa na Shirika la Posta na Simu. Mwaka 1994 shirika hilo liligawanywa, na upande wa simu ukawa kampuni ya TTCL, ambayo mwaka 2018 iligeuzwa kuwa shirika la umma. Simu za mezani za mikoa ya Morogoro, Pwani, Lindi na Mtwara hutumia msimbo wa eneo 023.

Mwaka 1999 Mmarekani Mark Spencer alianzisha Asterisk, programu huria inayoigeuza kompyuta ya kawaida kuwa mtambo wa simu. Tangu hapo hata ofisi ndogo iliweza kuwa na huduma ambazo awali zilihitaji makabati ya vifaa vya bei kubwa. Kurasa za kuusimamia mtambo huo, kama FreePBX, zilifuata. Mojawapo ya paneli za mwanzo zilizojulikana sana ni Flash Operator Panel ya Nicolás Gudiño, iliyofuatwa na FOP2. Teknolojia ya Flash iliyotumika katika paneli nyingi za zamani iliacha kuhudumiwa na Adobe tarehe 31 Desemba 2020. Paneli za sasa hutumia HTML na JavaScript, ambazo kila kivinjari kinazielewa.

## Jinsi inavyofanya kazi

Mfumo mzima una sehemu nne: simu za mezani, mtambo wa simu, huduma ya paneli na kivinjari cha opereta. Huduma ya paneli inaweza kukaa ndani ya kompyuta ileile yenye mtambo.

Simu ya nje inapoingia, mtambo hutoa taarifa kwamba kuna simu mpya, imetoka namba fulani na inaita kwa opereta. Katika Asterisk taarifa hizo hutoka kwa njia inayoitwa AMI, ambayo kwa kawaida hutumia poti 5038. Huduma ya paneli huzisoma na kuzituma kwa kivinjari kupitia muunganisho wa WebSocket, ambao hubaki wazi muda wote ili ukurasa ubadilike wenyewe bila kupakiwa upya. Kitufe cha opereta hubadilika rangi, na namba ya mpigaji huonekana. Ikiwa namba hiyo imo katika daftari la simu la ofisi, jina lake huonekana pia.

Opereta akibofya kitufe cha mhasibu, safari hurudi kinyume: kivinjari huiambia huduma ya paneli, nayo huupa mtambo amri ya kuihamisha simu. Sauti haipiti katika njia hiyo hata kidogo. Kwa hiyo kompyuta ya opereta ikizima katikati ya mazungumzo, mazungumzo huendelea. Mtambo ukizima, simu zote hunyamaza, hata kama paneli bado inaonekana kwenye kioo.

Baadhi ya paneli humwezesha opereta kuongea kupitia kompyuta yenyewe, kwa kutumia WebRTC, teknolojia iliyokamilishwa kuwa kiwango rasmi cha wavuti Januari 2021. Hapo kompyuta imekuwa simu, na ikizima mazungumzo ya opereta hukatika. Ndiyo maana ofisi nyingi humwachia opereta simu ya mezani pembeni ya kompyuta.

## Kusimika

Hatua zifuatazo zinahusu mtambo wa Asterisk, lakini mpangilio wake hufanana na wa mitambo mingine.

1. Kuandika orodha ya watu. Kabla ya kugusa kompyuta, ofisi huorodhesha kila mtumishi, chumba chake, namba yake ya ndani, kazi anazoshughulikia na mtu wa kumshika nafasi akiwa hayupo. Paneli iliyotengenezwa bila orodha hiyo humwonyesha opereta vitufe vingi asivyojua vya nini.

2. Kuuwezesha mtambo kufuatilia hali ya kila simu. Kila namba ya ndani hupewa mstari wa hint katika mpango wa upigaji:

`exten => 101,hint,PJSIP/101`

Mstari huu unauambia mtambo kuwa hali ya namba 101 isomwe kwenye simu iliyosajiliwa kwa jina hilo. Katika FreePBX mistari hii hutengenezwa yenyewe namba mpya inapoongezwa.

3. Kufungua akaunti ya AMI kwa ajili ya paneli. Akaunti huandikwa katika faili la manager.conf, kwa mfano:

`[paneli]`
`secret = nenosiri-refu-lisilokisika`
`deny = 0.0.0.0/0.0.0.0`
`permit = 127.0.0.1/255.255.255.255`
`read = call,agent`
`write = call,agent,originate`

Mistari ya deny na permit inakataza kila mtu isipokuwa programu iliyo ndani ya mashine ileile. Programu nyingine za paneli hudai ruhusa zaidi. Zitolewe zile tu zilizotajwa katika maelekezo yake.

4. Kuweka programu ya paneli na kupanga vitufe. Kila kitufe huunganishwa na jina kamili la simu ndani ya mtambo. Vitufe hupangwa kufuata kazi za ofisi, kwa mfano uhasibu, ghala na uongozi, wala si kufuata namba. Opereta mwenyewe ashirikishwe katika kupanga, kwa kuwa ndiye atakayevitafuta kwa macho huku mtu akisubiri.

5. Kugawa haki. Opereta huhitaji kuona, kupokea na kuhamisha. Haki za kusikiliza mazungumzo ya wengine au kubadilisha mipangilio hazimhusu.

6. Kuweka cheti cha HTTPS. Bila HTTPS, nenosiri la opereta hupita wazi kwenye mtandao, na vivinjari vya sasa hukataa kuupa ukurasa ruhusa ya kutumia maikrofoni.

7. Kujaribu. Majaribio hufanywa kwa simu halisi kutoka nje: kupokea, kuhamisha, kuhamisha kwa mtu asiyepokea, kuiegesha simu na kuichukua chumba kingine. Mwisho ruta huchomolewa makusudi, ili ofisi ijue ni kitu gani hubaki kikifanya kazi.

## Mfano wa ofisi ya vijijini: Mkuyuni

Mkuyuni ni kata ya Wilaya ya Morogoro Vijijini, upande wa mashariki wa Milima ya Uluguru, kwenye barabara inayotoka Bigwa kuelekea Matombo na Kisaki. Upande huo hupata mvua nyingi kuliko ule wa magharibi, na wakazi hulima ndizi, matunda na viungo. Mazingira yake yanaonyesha vizuri maamuzi ambayo kijijini huwa na uzito kuliko mjini. Ofisi inayoelezwa hapa ni ya mfano tu: chama cha ushirika wa wakulima chenye simu sita za mezani na opereta mmoja.

Uamuzi wa kwanza ni mahali pa kuweka mtambo. Unaweza kukodishwa kwenye seva ya mbali au kuwekwa ndani ya ofisi. Simu moja yenye kodeki ya G.711 hutumia takriban kilobiti 80 kwa sekunde kila upande, kabla ya kuongeza mzigo wa mtandao unaoibeba. Mtambo ukiwa mbali, mhasibu akimpigia mtunza ghala wa chumba cha pili, kwa kawaida sauti huenda hadi kwenye seva na kurudi, kwa hiyo simu moja ya ndani huchukua kilobiti 160 za kupanda na 160 za kushuka. Zaidi ya hayo, intaneti ikikatika, vyumba viwili vya jengo moja haviwezi kupigiana. Mtambo ukiwa ofisini, simu za ndani hazigusi intaneti kabisa, na paneli huendelea kuonekana kwa opereta. Kwa ofisi ya namna hii mtambo wa ndani ndio unaofaa, japo unadai mtu wa kuutunza.

Uamuzi wa pili ni umeme. Ikiwa kompyuta ndogo ya mtambo inatumia wati 10, ruta wati 10, na swichi pamoja na simu sita zinazopata umeme kupitia waya wa mtandao wati 20, jumla ni wati 40. Betri ya volti 12 yenye uwezo wa ampea-saa 100 hubeba wati-saa 1,200. Ikitumiwa nusu tu ili isiharibike haraka, hubaki wati-saa 600, yaani saa 15 za kazi. Ukitoa upotevu wa kibadilisha umeme, zaidi ya saa 10 bado zinapatikana. Paneli huongeza mzigo mdogo sana, kwa sababu kompyuta ya mkononi ya opereta ina betri yake. Katika eneo la mvua na radi, waya wa ardhi na kinga ya umeme wa ghafla ni sehemu ya mfumo.

Uamuzi wa tatu ni laini za nje. Milima huzuia mawimbi ya redio, hivyo antena huwekwa mahali panapouona mnara, hata kama si karibu na meza ya opereta. Njia moja ni laini ya SIP inayopita kwenye intaneti. Nyingine ni kifaa kinachobeba kadi za simu za mkononi na kuziunganisha na mtambo. Kuwa na njia zote mbili husaidia, kwa kuwa mara nyingine intaneti ni dhaifu lakini simu za kawaida zinapita. Kadi hizo husajiliwa kisheria kwa jina la taasisi, na hutumika kwa simu za ofisi peke yake. Kutumia vifaa vya aina hiyo kuingiza nchini simu za kimataifa kwa kificho ni kosa katika Tanzania.

## Gharama ya kusubiri

Anayepiga simu ndiye anayelipa, na wengi hulipa kwa salio walilonunua kidogokidogo. Jambo ambalo ofisi nyingi hazilitambui ni kwamba malipo huanza pale mtambo unapopokea, si pale mtu anapoongea. Mkulima anayesikilizishwa muziki wa kusubiri kwa dakika tatu amelipia dakika tatu za muziki, na salio linaweza kwisha kabla hajataja shida yake.

Kwa sababu hiyo mtambo unaweza kupangwa uache simu iite kwa mlio wa kawaida hadi opereta aipokee mwenyewe. Muda wa kuita hautozwi. Katika foleni za Asterisk hili hufanywa kwa kutotoa amri ya Answer mwanzoni na kuchagua mlio badala ya muziki. Upungufu wake ni kwamba mtandao wa mpigaji hukata simu inayoita kwa muda mrefu. Taasisi yenye uwezo inaweza pia kukodi namba ya bure inayoanza na 0800, ambapo gharama hubebwa na taasisi.

Hapa ndipo paneli inapoonyesha faida yake kubwa. Saa iliyo pembeni ya kila simu inayosubiri humwonyesha opereta ni nani aliyesubiri zaidi. Orodha ya simu zilizokosa kupokelewa inamwezesha kuwapigia waliokata. Katika Afrika Mashariki orodha hiyo ina maana ya ziada, kwa kuwa watu wengi hubipu: huita mara moja na kukata, wakiomba wapigiwe. Ofisi isiyoitazama orodha hiyo haiwajui wateja wake maskini zaidi.

Mashine inayosema "bonyeza moja, bonyeza mbili" haiwezi kuchukua nafasi hiyo yote. Mzee anayejieleza vizuri zaidi kwa Kiluguru anahitaji mtu wa kumsikiliza, kisha ampeleke kwa mtumishi anayeijua lugha hiyo. Paneli nyingi huruhusu kuandika maelezo mafupi kwenye kitufe cha mtumishi, na taarifa ya namna hiyo yafaa kuandikwa hapo.

## Usalama na faragha

Paneli iliyoachwa wazi kwenye intaneti ni hatari kuliko inavyodhaniwa. Anayeipata anaweza kuuamuru mtambo upige simu za ng'ambo kwa gharama ya ofisi, mara nyingi usiku au mwisho wa wiki, na deni hujulikana ankara inapofika au salio linapokwisha. Hatua za kujikinga ni hizi:

- kutoifungua poti 5038 kwa intaneti hata kidogo;
- kuifungua paneli ndani ya mtandao wa ofisi tu, au kwa VPN kwa anayefanya kazi nje;
- kubadilisha manenosiri yote yaliyokuja na programu;
- kufunga simu za kimataifa kwa namba zisizozihitaji na kuweka kikomo cha matumizi kwenye laini za nje;
- kufuta akaunti ya opereta siku anapoacha kazi.

Paneli pia huonyesha nani ameongea na nani, na baadhi huruhusu kurekodi au kusikiliza mazungumzo. Namba, majina na sauti za watu ni taarifa binafsi. Nchini Tanzania zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kwa hiyo kioo cha opereta hakielekezwi upande wa wageni, na mpigaji huambiwa mapema ikiwa simu yake inarekodiwa.

## Hitilafu za kawaida

- Kitufe hakibadiliki rangi ingawa simu inatumika. Mara nyingi jina la simu kwenye paneli halilingani na la mtambo, kwa mfano SIP/101 badala ya PJSIP/101. Tatizo hili huonekana baada ya kusasisha mtambo, kwa kuwa Asterisk 21 ya mwaka 2023 iliondoa kabisa moduli ya zamani ya chan_sip.
- Vitufe vyote vimefifia. Huduma ya paneli imepoteza muunganisho na AMI. Akaunti, nenosiri na mistari ya permit hukaguliwa.
- Ukurasa unafunguka lakini haujisasishi. WebSocket imezuiwa na ngome ya mtandao, au cheti cha HTTPS kimeisha muda.
- Upande mmoja hausikiki. Hili si kosa la paneli. Kwa kawaida ruta haipitishi sauti ipasavyo, au mtambo unatangaza anwani ya IP isiyo sahihi.
- Simu iliyohamishwa inapotea. Mhusika hakupokea na mtambo haukupangwa kuirudisha kwa opereta. Dawa yake ni kupanga simu irudi baada ya sekunde chache, na opereta amtaarifu mhusika kabla ya kuhamisha.

## Tazama pia

- Simu
- Programu huria
- Kivinjari
- Mkoa wa Morogoro
- Milima ya Uluguru